SABABU GANI VIJANA WETU HAWAKUSHINDA EUROVISION?

Eurovision ni mashindano ya nyimbo ya inchi za Ulaya yaliyoanza mwaka wa 1956, na watu wanayafuata kwa televizyo. Katika internat yalileta mabishano makali, sababu vijana wa Kongo wameimba kule. Wengine walisema: «Walinyimwa alama kwa kuwa ni weusi, tena wakimbizi.» Sisi tumeona heri kwanza tueleze ginsi alama zinavyohesabiwa.

Tutaje wawili. Tousin Chiza, anayeitwa Tusse, alikimbia Kongo akiwa mtoto mdogo, akakaa katika kambi ya wakimbizi Uganda, kisha akafika Uswidi. Mwaka wa 2021, mjini Rotterdam, aliimba «Voices» kwa jina la Uswidi. Alipata alama 109, akawa wa 14. Claude Kiambe naye aliondoka Kongo pamoja na mama yake, wakaenda Uholanzi. Mwaka wa 2025, mjini Basel, aliimba «C'est la vie», neno alilolizoea toka kinywa cha mama yake. Alipata alama 175, akawa wa 12. Kila mara nyimbo za finali zilikuwa 26.

Sasa hesabu yenyewe. Katika kila inchi kuna waamuzi wenye kujua muziki. Wimbo wanaoupenda kuliko yote wanaupa alama 12, wa pili 10, wa tatu 8, halafu 7 mpaka 1. Watu wanaotazama nyumbani nao wanatoa alama zao vilevile, mbali na waamuzi. Nyimbo 10 tu zinapata kitu.

Tuwaze kwaya 15 za Masisi na Walikale zimekutana, na kila kanisa linatoa alama kwa kwaya 10. Kama kwaya yenu ni ya 11 kwa kila kanisa, mtarudi nyumbani na zero, hata kama watu wote waliwasikiliza kwa furaha! Basi alama ndogo si lazima iwe chuki.

Tena, hakuna inchi inayoruhusiwa kujipigia kura. Watu wa Uswidi, waliomchagua Tusse katika mashindano yao wenyewe, hawakuweza kumsaidia Rotterdam.

Tuangalie pia hii: Tusse alipata 46 kwa waamuzi na 63 kwa watazamaji. Claude alipata 133 kwa waamuzi, lakini 42 tu kwa watazamaji. Kila mmoja alipendwa zaidi upande wake. Hatusemi ubaguzi haupo Ulaya, hapana. Tunasema hesabu hii peke yake haitoshi kuuonyesha.

Tangu 2023 hata watu wa inchi zisizoimba wanaweza kupiga kura kwa intaneti, wakilipa. Kura zao zote pamoja zinahesabiwa kama za inchi moja. Kwa hiyo kura ya Mkongo nayo ina nafasi, ingawa ni ndogo.

Kati yetu kuna walioacha shamba na vitabu, wakakimbia vita usiku. Tukiwaambia kwamba mkimbizi hawezi kupendwa popote, tunawafungia mlango sisi wenyewe. Uswidi na Uholanzi zilikuwa na waimbaji wengi, lakini kila moja ilimtuma mtoto aliyefika kwake akiwa mkimbizi. Tubishane, ndiyo, lakini kwanza tuhesabu.