Kutoa na Kurudisha Injini ya Mashua: Mambo Ambayo Katibu na Kamati Hawana Budi Kuyajua

Katika chama cha ushirika wa wavuvi, injini ya mashua ni miongoni mwa mali za thamani kubwa zilizoandikwa katika daftari la mali. Mara nyingi injini hiyo hununuliwa kwa mkopo, na mkopo huendelea kudai mashua ikiwa baharini au ikiwa imelala pwani. Kwa hiyo, injini ya ndani inapobidi kutolewa, kazi hiyo haiwezi kuachwa mikononi mwa fundi peke yake. Kamati inapaswa kujua hatua zake, na Katibu anapaswa kuziandika.

Wanachama wengi hudhani kwamba sehemu ngumu ni kuinyanyua injini. Kuinyanyua kwahitaji nguvu na uangalifu, lakini hasara kubwa hutokana na kuirudisha vibaya. Injini iliyotengenezwa vizuri kabisa yaweza kuharibika tena kwa sababu moja tu: haikunyoshwa sawasawa na shafti.

Kabla ya Kutoa

Jambo la kwanza ni kuuliza kama kuna haja ya kuitoa. Pampu ya maji, nozeli, starta na hosi kwa kawaida hutengenezwa injini ikiwa mahali pake. Sababu za haki za kuitoa ni kama vile kubadili beringi kuu, kutengeneza giaboksi pasipofikika, au kubadili boriti za msingi zilizooza. Fundi aeleze sababu hiyo kwa maandishi, pamoja na gharama na idadi ya siku, na Kamati iamue ikiwa na karatasi hiyo mbele yake. Pale inapowezekana, kazi ipangwe wakati wa kusi kali, ambapo mashua ndogo hazitoki sana, ili siku nzuri za uvuvi zisipotee.

Kabla ya spana kugusa nati, kila waya na kila bomba vifungwe kitambaa au kibati chenye namba, na namba hizo ziandikwe katika daftari. Chini ya miguu ya injini huwapo vibati vyembamba viitwavyo shimu. Shimu za kila mguu zifungwe pamoja na kutiwa alama ya mguu wake. Zikichanganywa, fundi atapoteza siku nzima akitafuta kimo kilichokuwapo.

Kuitoa Injini

Waya za betri hutangulia kufunguliwa, ule wa hasi ukiwa wa kwanza. Kisha hufungwa koki ya mafuta na vali ya maji ya bahari. Oili ya zamani ikingwe katika debe. Isimwagwe ngamani wala baharini. Ndipo ekzosi, mabomba na boliti za visahani viwili vinavyounganisha giaboksi na shafti hufunguliwa. Ikiwa mashua imo majini, shafti ifungwe imara papo hapo. Shafti iliyoachiwa yaweza kuteleza nyuma na kutoka katika bomba lake, na mashua ikajaa maji kwa muda mfupi.

Injini ya dizeli ya chuma, hata ndogo, yaweza kuzidi kilo 200. Inyanyuliwe kwa winchi ya mnyororo, nayo ifungwe katika vishikio vilivyowekwa na mtengenezaji, si katika kifuniko cha vali wala bomba lolote. Magogo matatu ya kuning'inizia winchi yawekewe mbao chini ya miguu yake ili yasididimie mchangani, na mashua iegemezwe mkukuni na pande zote mbili. Saa za maji kupwa na kujaa zijulikane mapema, kwa kuwa bahari haimsubiri fundi. Mtu yeyote asisimame wala kupitisha mkono chini ya injini inayoning'inia.

Nafasi iliyoachwa wazi isipotezwe bure. Huu ndio wakati wa kusafisha ngama, kuchoma boriti kwa ncha ya kisu ili kuona kama zimeoza, kukagua boliti za msingi, na kutikisa shafti kuona kama inachezacheza katika bomba lake.

Kuirudisha: Kunyosha Injini na Shafti

Shafti hupita katika tundu lisilohama. Injini ikielekea upande mwingine hata kidogo, shafti hulazimika kupinda kila inapozunguka. Shafti izungukayo mara 1,000 kwa dakika hupindwa mara 60,000 kwa saa moja. Matokeo yake ni mtetemo, pakingi kuisha, maji kuingia, sili na beringi za giaboksi kufa, na mwishowe shafti kukatika mbali na pwani.

Namna ya kupima ni hii. Kwanza visahani viwili husogezwa hadi vikaribiane, na fundi huhakikisha kwamba kimoja hakikuzidi kingine juu, chini wala kando. Kisha hupima mwanya uliopo baina yao kwa vipimo vya majani ya chuma, mahali panne: juu, chini, kulia na kushoto. Isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kimeagiza vingine, kwa kisahani chenye upana wa milimita 100 tofauti ya mianya hiyo isizidi milimita 0.1, yaani takriban unene wa karatasi moja ya kuandikia. Baadaye shafti huzungushwa robo mzunguko na kupimwa tena. Mwanya mpana ukibaki mahali pale pale, injini ndiyo ya kusogezwa. Ukihama pamoja na shafti, basi shafti au kisahani chake kimepinda, na hakuna kusogeza kutakakoponya.

Yafaa ikumbukwe kwamba mashua iliyokaa nchi kavu haina umbo lile lile iliyo nalo majini. Mbao hukauka, na mkuku hulala juu ya magogo. Kwa hiyo kipimo cha pwani ni cha awali tu. Kipimo cha mwisho hufanywa baada ya mashua kukaa majini siku moja au mbili, ikiwa na mafuta na vyombo vyake. Fundi mwenye haraka hupenda kulipwa kabla ya hapo. Mapatano yaandikwe tangu mwanzo kwamba fungu la mwisho la malipo litatolewa baada ya kipimo cha majini na safari ya majaribio.

Majaribio

Vali ya maji ya bahari ifunguliwe na hewa itolewe katika mabomba ya dizeli kabla ya kuwasha. Injini ikiwaka, itazamwe mara moja kama maji ya kupoza yanatoka na kama oili ina presha. Lolote likikosekana, izimwe. Pakingi ya kawaida ya shafti huachia matone machache shafti inapozunguka. Ikikazwa hadi ikauke kabisa, huichoma shafti. Baada ya safari chache za kwanza, boliti za miguu zikazwe na mianya ipimwe upya.

Kumbukumbu za Chama

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu aandike tarehe, jina la fundi, vipuri vilivyobadilishwa na bei zake, na vipimo vile vinne vya mianya vilivyochukuliwa majini, akiwa ameshuhudia pamoja na nahodha na mjumbe mmoja wa Kamati. Vipuri vya zamani virudishwe stoo vikaonekane, ili stakabadhi zilingane na kazi iliyofanyika. Mwaka utakaofuata, mtetemo ukianza, vipimo vipya vitalinganishwa na vya zamani, na Kamati itajua kama msingi umelegea au shafti imepinda, kabla ya kutoa tena fedha za wanachama.