Pembe za elki: Mavuno ya porini yanayopamba loji Marekani

KATIKA loji nyingi za magogo jimboni Wyoming, Marekani, mgeni hulakiwa na pembe kabla ya mwenyeji. Ni za elki, mnyama mkubwa wa jamii ya ayala, zikiwa zimepachikwa kwenye ubao ukutani au kuunganishwa kuwa taa ya kuning'inia.

Wengi hudhani kila jozi imegharimu uhai wa mnyama. Sivyo. Tofauti na swala au ng'ombe, elki dume huangusha pembe zake kila mwaka, hasa Machi na Aprili, kisha huota nyingine. Jozi ya dume aliyekomaa yaweza kufika kilo 18.

Mji wa Jackson umegeuza hali hiyo kuwa mavuno. Kando yake ipo hifadhi ya taifa ya elki iliyoanzishwa mwaka 1912, yenye karibu hekta 10,000, ambako maelfu ya wanyama hao hupitisha majira ya baridi. Maskauti huokota pembe humo kwa kibali, na tangu 1968 huuzwa kwa mnada kila Mei. Sehemu kubwa ya mapato hurudi hifadhini.

Wanunuzi ni mafundi wa samani na taa, wachongaji na watengenezaji wa vitafunio vya mbwa.

Kwa pembe kuukuu za ukutani, mnunuzi makini hutazama kitako. Iliyoanguka yenyewe huwa na kifundo kikavu chenye mikwaruzo. Ya mnyama aliyeuawa hubaki na kipande cha fuvu au alama ya msumeno. Iliyopauka na kupasuka imekaa juani mno.

Hata hivyo, biashara hii ina mipaka. Mwishoni mwa baridi elki huwa wamedhoofika, na wakikurupushwa na waokotaji humaliza nguvu kidogo walizobakiza. Ndiyo sababu magharibi mwa Wyoming ni marufuku kuokota pembe katika ardhi ya umma kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili. Anayetaka pembe za mwakani lazima amwache mnyama aishi.

Mwenye loji nchini Kenya asikimbilie kuiga. Swala na nyati hawaangushi pembe, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki nyara bila kibali, hata iliyookotwa porini.