Kupaka gitaa rangi kwa tambara

(Gitaa kavu linasikika kwa sekunde 10, kisha linashuka chini ya sauti ya mtangazaji.)

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au popote unapotusikia, karibu katika kipindi chetu cha ufundi. Leo tunazungumza juu ya gitaa: jinsi ya kulitia rangi kwa mkono, bila brashi na bila mashine.

Katika kambi zetu magitaa ni mengi kuliko maduka ya magitaa. Yapo ya kwaya, yapo ya vijana wa bendi, na yapo yaliyochongwa hapa hapa na maseremala wetu. Wale tuliotoka Kongo tunajua uzito wa chombo hiki. Mwaka 1952, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa kule Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akiwa na gitaa kavu moja tu na sauti yake. Nyimbo zake za Kiswahili zilivuka mipaka mingi.

Lakini magitaa yetu mengi yako uchi, mbao tupu. Jasho la mkono linaingia, vumbi linaingia, mvua ikinyesha mbao zinavimba, jua likiwaka zinapasuka. Mengine yamepakwa rangi nzito iliyobaki kwenye milango. Hapo sauti inaumia. Uso wa gitaa kavu ni ubao mwembamba unaotikisika nyuzi zinapopigwa. Ukiuvika koti zito la rangi, unautia uzito na kuuzuia kutikisika. Ndiyo maana tunasema: rangi iingie ndani ya mbao, isikae juu yake kama tope.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Hatua ya kwanza ni kusafisha. Toa nyuzi zote. Ziba tundu la sauti kwa kitambaa safi ili vumbi lisiingie. Kama daraja la nyuzi limetoka na utaligundisha upya, funika mahali pake kwa selotepu, maana gundi haishiki juu ya mafuta. Funika pia ule ubao wa shingo unaobonyezwa na vidole.

Kama kuna rangi ya zamani, ilowanishe kwanza kabla ya kuisugua, ufunge kitambaa puani na mdomoni, na watoto wakae mbali. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Sasa piga msasa. Anza na namba 120, kisha 180, malizia na 220. Fuata mistari ya mbao, usiikate. Kama gitaa ni la plaiwudi, nenda polepole, kwa kuwa tabaka la juu ni jembamba sana na linaweza kuisha ghafla.

Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye unyevu. Hapo utaona mambo mawili. Kwanza, palipobaki gundi pataonekana peupe. Pakwangue, kwa sababu rangi haitaingia hapo. Pili, mbao zikikauka, vinyweleo vyake vitasimama na uso utakuwa na mikwaruzo. Pitisha tena msasa wa 220, kidogo tu. Ukiruka hatua hii, vinyweleo vitasimama baada ya rangi, na kazi yote itaonekana chafu.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Hatua ya pili ni rangi yenyewe. Nitataja njia mbili zisizohitaji pesa nyingi.

Njia ya kwanza ni rangi ya unga, ile wanayotumia akina mama kutia ukili wa mikeka. Ikoroge katika maji ya moto, uichuje kwa kitambaa, uache ipoe. Ujue kwamba rangi hii hupauka ikikaa juani muda mrefu.

Njia ya pili inatoa rangi ya kijivu hadi nyeusi. Weka misumari ya kawaida, hata yenye kutu, ndani ya chupa ya kioo, uimwagie siki. Usikaze kifuniko, kwa sababu kuna gesi inayotoka. Iache siku kadhaa, kisha uchuje. Sasa pika chai kali ya rangi, ipoe, uisugue kwenye mbao, uache ikauke. Halafu sugua ile siki ya misumari. Mbao zitabadilika rangi mbele ya macho yako. Sababu ni kwamba chuma kinakutana na kile kitu kilichomo ndani ya chai, kile kinachokausha ulimi, na vikikutana hutoa weusi. Andika jina kwenye chupa hiyo, wala usitumie chupa ya soda. Mtoto hasomi, anakunywa.

Njia yoyote utakayochagua, jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ile ile. Anza na rangi nyepesi, maana kuongeza ni rahisi, kupunguza ni shida. Chovya tambara, ulikamue, sugua kwa mizunguko ili rangi iingie, kisha malizia kwa kufuata mistari ya mbao. Pale mbao zilipokatwa mwishoni hunywa rangi sana, kwa hiyo palowanishe kwa maji kwanza.

Ukitaka gitaa lenye manjano katikati na kahawia pembeni, sugua manjano kote. Kisha tia kahawia pembeni tu. Kabla haijakauka, chukua tambara jingine lenye unyevu, usugue pale rangi mbili zinapokutana mpaka mpaka upotee. Acha gitaa likauke siku nzima.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Hatua ya tatu ni kinga. Hapa wengi huuliza: naweza kutumia mawese? Hapana. Mawese hayakauki. Yatabaki yakinata, yatashika vumbi, na mwisho yatanuka. Tafuta mafuta ya linsidi, yanayotoka kwenye mbegu za kitani, katika duka la vifaa vya ujenzi. Uliza yale yaliyotayarishwa kukauka haraka. Tia kidogo kwenye tambara, sugua, subiri kama dakika 15, kisha futa yote yaliyobaki juu. Kesho yake rudia. Mara 3 au 4 zinatosha. Kwenye uso wa gitaa kavu, pungufu ni bora kuliko zaidi.

Sasa naomba hata asiye na gitaa asikilize. Tambara lenye mafuta ya linsidi linaweza kuwaka lenyewe, bila kiberiti. Mafuta haya yanapokauka huvuta hewa na kutoa joto. Tambara likitandazwa, joto linatoka. Likikunjwa na kutupwa kwenye kona, joto linakaa ndani, linaongezeka, na baada ya saa kadhaa moto unatokea, pengine watu wakiwa wamelala.

Jambo hili limewahi kuua. Mwezi wa Februari 1991, katika mji wa Philadelphia, Marekani, jengo la ghorofa 38 liliungua. Moto ulianzia kwenye matambara yenye mafuta ya linsidi yaliyoachwa na wafanyakazi. Wazimamoto 3 walikufa. Lile lilikuwa jengo kubwa la mjini. Sisi nyumba zetu zimebanana, na nyingi zina maturubai na nyasi. Tambara moja likiwaka, si nyumba moja tu itakayoungua.

Kwa hiyo, ukimaliza kazi, tandaza kila tambara peke yake nje, mbali na nyumba, mpaka likauke na kuwa gumu. Au lizamishe ndani ya kopo la chuma lenye maji, ufunike. Usiliweke mfukoni. Usilitupe kwenye maranda ya mbao. Narudia: usilikunje, usililaze ndani ya nyumba.

Kwa ufupi, msikilizaji: msasa kwa subira, rangi nyepesi, mafuta kidogo, tambara nje. Fundi anayekusaidia mwambie hivyo hivyo, na jirani yako seremala pia, kwa sababu mafuta haya hutumika hata kwenye milango na viti.

Wiki ijayo tutaeleza jinsi ya kuzuia shingo ya gitaa isipinde. Mpaka hapo, kaa salama na jirani zako.

(Gitaa kavu linapanda, kisha linazimika polepole.)