Siku Tatu Unguja: Safari ya Kutazama, Siyo ya Kupita



Jamaa zetu wengi hapa Ngulyati, na katika wilaya yote ya Bariadi, wakisikia neno safari hufahamu mambo matatu tu: kwenda mazikoni, kwenda harusini, na kwenda hospitali. Safari ya kwenda kutazama vitu vizuri vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu twaiona kuwa ni anasa ya wenye fedha zisizo na kazi. Nami nilikuwa miongoni mwa wenye rai hiyo. Leo nataka kumweleza mwenye nyumba jinsi ya kuipanga safari ya namna hiyo, ya siku tatu za kukaa katika Mji Mkongwe wa Unguja, ili fedha yake isipotee kama yangu ilivyopotea mara ya kwanza.

KOSA LA MARA YA KWANZA

Mwaka 2019, baada ya kuuza pamba, niliwachukua vijana wawili wa madrasa pamoja na binti yangu, tukaenda Unguja kwa siku moja na nusu. Katika karatasi nilikuwa nimeandika mahali kumi na mbili, na wallahi tulifika kote. Tulikwenda mbio, jua likituchoma, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Tuliporudi, mama watoto aliuliza, "Mmeona nini huko?" Kijana mmoja akajibu, "Tumeona mji." Hiyo ndiyo iliyokuwa faida yote ya safari ile.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, tulilipita kwa nje. Nikawaambia, "Hili tutalitazama vizuri siku nyingine." Tarehe 25 Disemba 2020, jumba hilo likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ilianguka, na watu wakapoteza maisha. Habari hiyo iliponifikia nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kwanza niliwahurumia waliofikwa na msiba, kisha nikajilaumu nafsi yangu. Kitu kilikuwa mbele ya macho yetu, nasi tukakiahirisha kana kwamba tumepewa dhamana kuwa kitatungoja.

KUPANGA KABLA YA KUTOKA

Mwaka 2025 niliazimia kwenda tena. Mzazi mmoja nilipomwomba ruhusa ya kumchukua mwanawe aliniambia, "Mwalimu, mtoto asafiri siku zote hizo akatazame milango? Kwani hapa hatuna milango?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini neno lake lilikuwa la haki, maana fedha ya mkulima ina jasho ndani yake, na anayeitaka kwa ajili ya safari lazima aeleze itarudi na nini.

Kwanza ni wakati. Mwezi wa Juni na wa Julai wafaa zaidi, kwani pamba imeanza kuuzwa, skuli hufungwa, na mvua za masika katika pwani zimekwisha. Bahari yaweza kuchafuka kwa upepo wa kusi, basi anayetapika upesi ale kidogo kabla ya kupanda boti. Msichague Ramadhani kwa safari ya kwanza, maana mchana mtakuwa na uchovu wa njia juu ya saumu.

Pili ni fedha. Igawe mafungu manne: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, malazi na chakula, na viingilio. Fungu la kurudi lishikwe na mtu mwingine mwaminifu, wala lisiguswe kwa zawadi.

Tatu ni njia. Sisi tulitoka Bariadi kwa basi, tukapita Maswa na Shinyanga hadi Dodoma, na hiyo ilikuwa kazi ya siku nzima. Tukalala. Kutoka Dodoma tulipanda treni ya reli mpya, ambayo tangu mwaka 2024 huchukua abiria mpaka Dar es Salaam kwa saa chache tu, kisha boti ya kwenda Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake cha taifa. Kitahitajiwa katika tiketi, na katika sehemu nyingi mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nchi za mbali.

Nne ni sala. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri asiyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, yuko katika ruhusa ya kukusuru. Basi siku tatu za mji zafaa pia kwa hesabu hiyo.

Tano, na hili ndilo kubwa: kuchagua. Kwa kila siku tulichagua jambo moja la asubuhi na jambo dogo la alasiri, basi. Wiki mbili kabla ya kuondoka nilichora mlango wa Unguja katika ubao wa madrasa, na kila mtoto nikampa kazi yake. Mmoja atazame nakshi, mwingine maandishi, na binti yangu atazame majumba na kuandika tarehe. Mtoto aliyepewa kitu cha kutafuta hachoki upesi.

SIKU YA KWANZA: MILANGO

Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na sifa yake mojawapo ni milango ya nakshi. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo tulianza mapema, kabla ya msongamano.

Kuna namna mbili kubwa za kutambua. Ya kwanza ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na mara nyingi huwa na maandishi ya Kiarabu, aghalabu aya za Qur'ani. Ya pili ina sehemu ya juu iliyopindwa kama upinde, nayo ina athari ya mafundi wa Kihindi. Katikati ya mbawa mbili za mlango husimama mti uliochongwa, uitwao mfaa. Nao hustahili kutazamwa peke yake, kwani fundi huweka hapo ustadi wake wote. Pembeni, katika miimo, utaona mnyororo, maua ya yungiyungi, makuti ya mtende, na magamba ya samaki. Watembezaji watakuambia kila alama ina maana yake, kwamba samaki ni uzazi na mnyororo ni ulinzi. Sikiliza, lakini usiyachukue yote kuwa ni yakini. Fundi naye alikuwa na haki ya kuchonga kitu kwa kuwa ni kizuri tu.

Misumari mikubwa ya shaba iliwachekesha vijana wangu. Husemwa kwamba asili yake ni Bara Hindi, ilikowekwa ili ndovu wasiisukume milango. Kijana mmoja akasema, "Unguja hakuna ndovu, misumari hii ingeletwa kwetu Bariadi karibu na mbuga!" Nikamwambia aandike hilo katika daftari lake.

Alasiri tulikwenda kulitazama jengo la Hospitali ya Zamani, karibu na bandari. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, naye alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha mwaka 1894. Roshani zake za mbao zimechongwa kama ushanga. Tulikaa kivulini nusu saa nzima, na kwa mara ya kwanza sikuona mtu akiuliza, "Sasa twende wapi?"

SIKU YA PILI: BEI YA UZURI

Asubuhi ya pili tulisimama Shangani mbele ya nyumba iliyokuwa ya Hamed bin Muhammed, aliyejulikana sana kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905. Simameni nje kwa adabu. Mlango wake ni miongoni mwa milango mizuri ya mji. Niliwaeleza vijana kwamba mali ya mtu huyu ilitoka bara, katika pembe za ndovu na katika watu, na kwamba misafara ya biashara ile ilipita Tabora. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na ndugu zao Wasukuma nao wakibeba. Kwa hiyo tulikuwa hatutazami mlango wa watu wa mbali.

Kutoka hapo tulikwenda Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sayyid Barghash alishinikizwa na Waingereza kuutia saini, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Mahali hapo pana kanisa kubwa la Kianglikana, na uani pana shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Zilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs.

Vijana walinyamaza. Kisha mdogo wao akaniuliza, "Maalim, waliouza watu hapa walikuwa wakiswali?"

Ndugu msomaji, mzazi utakayekwenda na watoto, jiandae kwa suali hili kabla hujatoka nyumbani. Niliweza kumwambia kwamba Wazungu nao waliuza watu, na ni kweli. Lakini mtoto hakuniuliza habari za Wazungu. Nikamjibu, "Ndiyo, wengi wao walikuwa wakiswali." Nikamweleza kwamba Qur'ani imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa makubwa, na katika Suratul Balad ikakutaja kuwa ni njia ya kupanda mlima mgumu wa wema. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Watu waliotekwa katika vijiji vya Manyema na pande za Ziwa Nyasa walikuwa waungwana. Basi waliofanya hayo waliijua njia wakaiacha, na hatuna faida ya kuwafichia.

Kijana akauliza tena, "Basi ule mlango ni mbaya?" Nikasema, kazi ya fundi ni njema, na mali ya mwenye nyumba ni hesabu yake mbele ya Mola wake. Tazama yote mawili, usiache moja. Alasiri ile hatukutazama kitu kingine. Tulikaa Forodhani, tukala urojo, wakaandika.

SIKU YA TATU: HERUFI ZA KIZIMKAZI

Siku ya tatu tulipanda daladala kwenda kusini mwa kisiwa, mpaka msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kwa nje ni msikiti wa kawaida, tena umejengwa upya katika zama za baadaye. Lakini katika kibla chake mna maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107 Miladi. Ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yenye tarehe katika pwani yetu. Kabla ya kuingia muombeni ruhusa msimamizi, vueni viatu, na wanawake wajisitiri kama waendavyo sala.

Yule kijana niliyempa kazi ya maandishi alijaribu kuyasoma, akashindwa, kwani Kufi ni hati ngumu, na mapambo yamechanganyika na herufi. Hakutaka kutoka. Alinakili kwa kalamu ya risasi herufi moja moja mpaka tukaitwa. Huyu ndiye mtoto wa yule mzazi aliyeniuliza habari za milango.

MAMBO MADOGO YA KUKUMBUKA

Bandarini mtapokewa na papasi, vijana wa kuwatembeza wageni bila ruhusa. Wajibuni kwa upole, mwendelee na njia yenu, na mkitaka mtembezaji, mchukueni mwenye kitambulisho. Msimpige mtu picha bila idhini yake. Kabla ya kuondoka kwenu ulizeni ni majumba gani yaliyo wazi, kwani matengenezo hayaishi.

Madukani mtaona picha za wanyama za rangi kali. Asili yake ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa pande za Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, akafariki mwaka 1972. Katika suala la picha za viumbe wenye roho maulamaa wana maneno yao, na kila mtu amwendee sheikh wake. Mimi nilinunua ubao mdogo wa nakshi ya maua.

Na asiyeweza kufika Unguja asikate tamaa. Aanze na Mwanza, na njiani ashuke Kisesa aone Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, katika kituo kilichoanzishwa katika miaka ya 1950 na padre David Clement kutoka Kanada. Mna ngoma za watemi, na jengo moja limetengenezwa mfano wa kiti cha enzi. Hayo nayo ni kazi ya mikono ya babu zetu, na kanuni ni ile ile: vitu vichache, kwa utulivu.

Tuliporudi, yule mzazi alimwuliza mwanawe mbele yangu, "Haya, umeona nini?" Kijana alifungua daftari akaanza na mfaa, na mpaka adhana ya Magharibi hajafika Mkunazini. Sasa anakwenda kwa seremala wa kijiji siku za Alhamisi. Mlango wa madrasa yetu, uliokuwa mbao tupu, una mnyororo upande mmoja, haujanyooka sana, na juu yake binti yangu ameandika mwaka: 1447.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu chake tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wa waliotutangulia. Atujaalie macho yenye kutazama na nyoyo zenye kuzingatia. Amin.