Muuza jezi na gari linalougua likikaa nyumbani

Saa kumi na nusu alfajiri, Kimara bado imelala. Mbele ya nyumba ambayo upande mmoja haujaezekwa, buti la gari jekundu limefunguliwa na jamaa mmoja anapanga mzigo kwa tochi ya simu. Kushoto jezi za kijani na njano, kulia nyekundu na nyeupe. Katikati kuna bendera, skafu na vuvuzela, utadhani polisi wa kutenganisha mashabiki. Safari ni Mbeya. Kesho kuna mechi Sokoine.

Huyu ni muuza jezi wa Kariakoo. Kwa miaka tisa ameifuata ligi kwa basi, marobota yakiwa chini kwenye mizigo, akibishana na kondakta kuhusu nauli ya mzigo na mara nyingine akifika uwanjani wakati wenzake wameshauza nusu ya walichobeba. Mechi ya ugenini ndiyo inayolipa. Dar jezi zimejaa kila kona, lakini ukifika mkoani asubuhi ya mechi kubwa, mtu aliyetoka Tunduma au Kyela bila jezi hakuulizi bei mara mbili.

Sasa ana gari lake. Lina wiki tano na ushee tangu litoke bandarini, namba E, na maneno tayari ni mengi.

Gari lenyewe ni Mazda Atenza ya 2016, ile ya wagoni, injini ya dizeli. Kwa asiyeijua wagoni, ni gari la saluni ambalo paa lake halikukatwa nyuma, limeendelea moja kwa moja hadi mwisho, kwa hiyo buti na kabini ni chumba kimoja. Vijana wa kijiweni walipoliona siku ya kwanza waliuliza msiba uko wapi. Mmoja akavua kofia.

Hilo la msiba alilivumilia. Lililomuuma ni rangi. Jamaa ni Yanga wa kuzaliwa, Yanga wa baba na babu, na gari ni jekundu la kung'aa kuliko jezi yoyote ya Msimbazi. Alitafuta la bluu, akatafuta jeusi, lakini bei ya hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya jekundu tu. Kazini anauza jezi za timu zote na hana shida, biashara ni biashara. Ila kulipaki mbele ya nyumba yake kila jioni, anasema, ni sawa na kuoa kwa watani: unampenda mwenyewe, lakini ukoo unakuangalia.

Na hela yenyewe ilikuwa ya bati. Hapo ndipo stori inapokuwa nzito. Nyumba ya Kimara imejengwa kwa miaka sita, chumba kwa chumba, na upande wa nyuma ulibaki kuezekwa kabla ya masika. Fedha zilikuwepo, na mama watoto alikuwa ameshazihesabu. Mume akamwambia gari litarudisha fedha hizo kwa msimu mmoja wa ligi. Mke hakupiga kelele. Alichukua daftari la mwanae la hesabu, akachora mistari, akaandika juu ya ukurasa: bati. Kila safari gari inachoingiza na inachokula kinaandikwa humo, na daftari analitunza yeye.

INJINI YA KIUNGO

Kabla ya hapo jamaa alikuwa anaendesha kigari cha petroli cha kuazima kwa shemeji yake. Ukikanyaga, kinapiga kelele kwanza, mwendo unafuata baadaye. Hili ni kinyume. Siku aliyolitoa bandarini alikanyaga kidogo tu kwenye taa, kama alivyozoea, na shingo ikarudi nyuma ikagonga kiti.

Sababu iko kwenye kile mafundi wanachokiita nguvu ya mvuto. Injini hii ya lita 2.2 ina nguvu farasi 175, idadi ambayo siku hizi haishtui mtu. Kinachoshtua ni msukumo wa nyutoni mita 420, na unaupata wote injini ikizunguka mara 2,000 tu kwa dakika, yaani ikiwa bado haijatoka jasho. Ndugu yake wa petroli wa lita 2.0 ana 196, chini ya nusu. Kwa lugha ya uwanjani, petroli ni winga anayehitaji nafasi ndefu ndipo aonyeshe mbio zake. Dizeli ni kiungo mkabaji: anapokea mpira amebanwa na watu wawili, anageuka, na anaondoka nao.

Ndani kuna tabo mbili, zile feni zinazosukuma hewa ndani ya injini. Ndogo inaanza mchezo pale gari linapoondoka, kubwa inaingia kadiri injini inavyochangamka, na mabadiliko hayo huyasikii. Hakuna ule usingizi wa dizeli za zamani, ambazo unakanyaga, unasubiri, halafu zinakurupuka kama mtu aliyemwagiwa maji.

Wapo wanaoamini dizeli ni ya malori na pampu za kijijini. Hao wakumbushwe Le Mans, mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa. Mwaka 2006 Audi walipeleka R10 TDI, gari la dizeli, na Frank Biela, Emanuele Pirro na Marco Werner wakachukua ubingwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dizeli kushinda mbio hizo. Wapinzani walikuwa wakiingia kuongeza mafuta, wao wanakata mizunguko. Mwaka uliofuata gari hilohilo likashinda tena, na uliofuata tena.

Ndani ya Atenza mambo mengi ni matamu na machache ni vichekesho. Buti linameza marobota manne, na kuna vishikizo pembeni mwa mlango wa nyuma: ukivuta, kiti cha nyuma kinalala chenyewe, sakafu inakuwa ndefu kiasi cha mtu mzima kulala. Jamaa ameshalala humo, nje ya uwanja, na anasema nyumba ya wageni aliyoizoea imepoteza mteja.

Vichekesho ni lugha. Kila asubuhi akiwasha, mwanamke ndani ya dashibodi anamweleza jambo kwa Kijapani, kwa heshima kubwa. Kwa wiki mbili alidhani gari linalalamika. Kumbe ni kifaa cha kulipia barabara za kule Japani kinachokumbusha kwamba kadi haijachomekwa. Redio nayo inaishia masafa ya 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa haizikamati. Muuza jezi anasikiliza mpira kwa simu ndani ya gari lenye spika nzuri kuliko za sebuleni kwake. Halafu kuna ule mtindo wa injini kujizima gari likisimama. Mara ya kwanza ilitokea kwenye taa za Magomeni, akafungua boneti katikati ya foleni huku daladala zikimpigia honi. Injini ilikuwa nzima kabisa.

TAA YA NJANO

Wiki ya tatu haikuwa ya kucheka. Ligi ilikuwa imesimama kupisha timu ya taifa, na gari likawa la kwenda dukani tu: Kimara hadi Kariakoo, asubuhi na jioni, katika foleni ya Barabara ya Morogoro ambako mabasi ya mwendokasi yanakupita kwenye njia yao kama unaangalia sinema. Jumatatu jioni taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi.

Fundi wa kwanza hakukaa hata dakika tano. Alichungulia chini, akasema kuna chujio la masizi kwenye ekzosi limeziba, dawa ni kulitoa tumbo. Anatoboa, anang'oa vya ndani, anachomelea, na kompyuta ya gari wanaidanganya. Alitaja bei. Ukiiweka kwenye daftari la mama watoto, ilikuwa inakula faida ya safari mbili.

Jamaa alirudi nyumbani hajala. Fedha za bati zimekaa mbele ya nyumba zikiwa na taa ya njano, na mawingu ya masika yameanza kujikusanya.

Kesho yake mwenzake wa dukani, shabiki wa Simba ambaye hajakosa siku moja kumtania kuhusu ile rangi, ndiye aliyempeleka kwa mzee mmoja aliyezitengeneza dizeli tangu enzi za malori ya Scania za pua ndefu. Mzee hakugusa chujio. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Juu ya alama ya kujaa, kijiti hicho kina alama nyingine ya X.

"Oili yako imepanda, mwanangu," alisema. "Oili haizai. Iliyoongezeka ni dizeli."

Kisha akaeleza, na maelezo yake yanafaa kwa yeyote anayewaza kununua dizeli ya kisasa ya kampuni yoyote. Chujio linakamata masizi ili moshi usitoke mweusi. Likikaribia kujaa, injini inanyunyiza mafuta kidogo ya ziada ili joto la ekzosi lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka gari liwe kwenye mwendo usiokatika kwa robo saa au zaidi. Foleni hailipi nafasi hiyo. Linaanza kuunguza, unafika Manzese unasimama, linaacha. Linaanza tena, umefika dukani unazima. Masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada isiyoungua inateremka kwenye oili. Oili ikizidi wepesi, vyuma vinasagana. Ukiiacha ifike kwenye X, ushaanza kuitafuta injini nyingine.

Taa ikiwa imewaka tu bila kupepesa, mzee alisema, gari linaomba kutembezwa. Ikipepesa, hapo ndipo gereji. Akambadilishia oili, akasisitiza iwe ile inayotengenezwa kwa dizeli zenye chujio, siyo ya dumu lolote. Na mafuta ajaze kwenye vituo vinavyoeleweka. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, mwaka 2015. Dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara haina cheti cha mtu yeyote.

"Gari lako halina ugonjwa," akamaliza. "Umelifungia ndani."

Usiku ule saa tatu, foleni ilipopungua, jamaa aliingia barabarani peke yake kuelekea Chalinze. Hakuwa na jezi hata moja. Kibaha, Mlandizi, mwendo wa themanini palipo na ruhusa, mikono imeukaba usukani. Baada ya kulivuka daraja la Ruvu alitazama dashibodi. Taa ilikuwa imezimika. Aliegesha, akatuma ujumbe wa neno moja kwa mkewe, "Imezima," na mke, akidhani injini imezimika porini, alipiga simu mara nne mfululizo.

KITONGA

Kwa hiyo safari hii ya Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ni biashara na pia ni tiba. Wenzake wawili wanachangia mafuta. Tangi la lita 62 limejazwa Kimara na hakuna aliyepanga kujaza tena njiani.

Mikumi wanapita kwa hamsini. Mabango ya faini za kugonga wanyama yapo, na twiga hajui kwamba una mechi. Ruaha Mbuyuni wananunua vitunguu kwa sababu hakuna anayepita pale bila vitunguu. Halafu inakuja Kitonga.

Hapo ndipo gari lililipa mahari yake. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na kwenye kona huruhusiwi kupita. Unapopata kipande kinachoonekana mbele, unakuwa na sekunde chache tu. Kigari cha shemeji hapo kilikuwa kinaomba msamaha. Wagoni, lenye watu watatu na marobota manne, liliinuka bila kubadilisha sauti, likapita lori, likarudi upande wake. Mwenzake wa Simba aliyekaa mbele aligeuka akasema rangi nyekundu ndiyo iliyofanya kazi.

Siyo kila kitu ni asali. Gari liko chini. Likibeba mzigo, matuta ya Makambako linayabusu moja moja, na kwenye vichochoro vya Mbeya mawe yaligonga tumbo mpaka abiria wakaombwa kushuka. Tairi zake ni nyembamba za rimu 19, na bei ya moja inatosha kununua mbili za saluni ya kawaida. Shimo moja baya likitokea usiku, daftari litalia. Anayeishi barabara ya vumbi na asiyesafiri, hili siyo gari lake, hata likiuzwa bei ya kutupa.

Waliingia Mbeya jua likizama, mshale wa mafuta ukiwa bado juu ya robo. Asubuhi ya mechi saa mbili walikuwa wamefungua buti karibu na Sokoine, kijani kushoto, nyekundu kulia. Kufikia saa saba upande mmoja ulikuwa umebaki na saizi za watoto tu.

Kimara, Jumatatu, daftari lilifunguliwa mezani. Mke aliandika kilichoingia, akatoa mafuta, akatoa chakula, akatoa hata vitunguu. Akapiga mstari. Kwa hesabu yake, bado safari sita ili upande wa nyuma uezekwe, na masika hayasubiri safari sita.

Kisha mume akatoa ratiba. Mechi mbili kubwa zinazofuata zote ni Dar. Maana yake wiki mbili za Kimara na Kariakoo, foleni kwenda na foleni kurudi, kwa hiyo Jumanne usiku lazima gari lipelekwe tena Chalinze na kurudi bila biashara yoyote.

Mke alifikiri kidogo, akafunga daftari, akasema safari hiyo wanakwenda wote. Alitaka kujua kama huko Chalinze bati ni nafuu, na kama likilazwa kiti cha nyuma zinaingia ngapi.