Je, Wajua? Mvua na Kuta za Udongo za Hatta

Je, wajua kwamba Dubai, inayosifika kwa majengo marefu ya chuma na vioo, ina pia urithi wa udongo ambao adui yake mkubwa ni maji? Huko Hatta, katika milima ya Hajar, ipo ngome ya mwaka 1896 iliyojengwa kwa mawe, udongo na magogo ya mitende. Mvua ni haba, lakini ikija huweza kuwa ya gharika, kama ilivyokuwa Aprili 2024, Falme za Kiarabu zilipopata mvua kubwa kuliko zote zilizorekodiwa tangu mwaka 1949. Mafundi wa majengo ya udongo huukinga ukuta kwa lipu ya udongo uliochanganywa na nyasi kavu, ambayo huliwa na mvua badala ya ukuta wenyewe na kupakwa upya inapochakaa, huku milizamu, yaani mifereji inayochomoza kwenye paa, ikitupa maji mbali na msingi. Saruji haifai, kwa kuwa hufungia unyevu ndani hata udongo ukalainika na kumeguka bila kuonekana. Majengo haya yanastahili matunzo ya kudumu, si ukarabati wa baada ya maafa.