Mbwa Mbele ya Gramafoni: Picha ya Zamani kama Ithibati ya Kihistoria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna picha za zamani za mbwa, ziwe za kuchorwa au za kupigwa kwa kamera, zinavyoweza kutumiwa kama ithibati ya kihistoria. Mfano mkuu ni mchoro wa Francis Barraud wa mwaka 1899 unaomwonyesha mbwa aitwaye Nipper akisikiliza gramafoni. Mchoro huo ulifanywa nembo ya biashara ya santuri na kufika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kwa kuongozwa na nadharia ya semiotiki, makala yanaonyesha kwamba mchoro huo, ambao aghalabu huchukuliwa kuwa ushahidi wa uaminifu wa mbwa kwa bwana wake aliyefariki, hauthibitishi tukio hilo. Unachothibitisha ni badiliko la mashine, la umiliki na la maana ya neno "bwana".

1.0 Utangulizi

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaojitokeza sana katika sanaa ya Ulaya na katika picha za kamera za karne ya 19. Hukaa miguuni pa wenye nyumba, hulala kando ya viti vya watoto, na husimama mbele ya wawindaji. Kwa sababu hiyo, watafiti wa historia ya jamii wamezitumia picha hizo kueleza uhusiano wa binadamu na mnyama huyu. Tatizo linalojitokeza ni la kimbinu. Mara nyingi mkao wa mbwa husomwa moja kwa moja kuwa hisia yake: aliyetulia husemwa kuwa mtiifu, aliyeinamisha kichwa husemwa kuwa na huzuni. Usomaji wa namna hiyo hauzingatii masharti yaliyoifanya picha iwe kama ilivyo.

Katika makala haya, istilahi tatu zinatofautishwa. Fonografu ni mashine iliyotumia silinda ya nta. Gramafoni ni mashine iliyotumia sahani bapa. Na santuri ni sahani hiyo yenyewe, ingawa katika mazungumzo ya kawaida neno santuri hutumika pia kwa mashine. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja inayojengwa katika sehemu ya nne.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uchambuzi unaongozwa na nadharia ya semiotiki ya Charles Sanders Peirce (1839–1914), aliyeainisha ishara katika aina tatu. Ikoni hufanana na kinachowakilishwa. Kielekezi huunganishwa nacho kwa uhusiano halisi, kama moshi unavyoelekeza kwenye moto. Na alama hupata maana kutokana na mapatano ya watumiaji. Picha ya kamera ni ikoni kwa kufanana kwake na mbwa, na ni kielekezi pia kwa kuwa mwanga uliotoka mwilini mwa mbwa huyo ndio ulioacha athari kwenye bamba. Mchoro wa rangi hauna uhusiano huo wa lazima na mbwa aliyechorwa. Hata hivyo, tabaka za rangi zilizomo ndani yake ni kielekezi cha jambo jingine, yaani kazi ya mkono uliochora, uliofuta na uliobadilisha. Tofauti hiyo inamwezesha mtafiti kuuliza si kile tu ambacho picha inaonyesha, bali pia kile ambacho picha yenyewe ni athari yake.

3.0 Mbwa katika Sanaa na Kamera za Mwanzo

3.1 Mapokeo ya Mbwa Mwaminifu

Mapokeo ya kumchora mbwa kuwa alama ya uaminifu ni ya kale. Mfano unaojulikana sana ni mchoro wa Jan van Eyck wa mwaka 1434 wa wanandoa wa ukoo wa Arnolfini, uliohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa jijini London. Mbele ya mume na mke amesimama mbwa mdogo mwenye manyoya marefu. Erwin Panofsky, katika makala yake ya mwaka 1934, alimfasiri mbwa huyo kuwa alama ya uaminifu katika ndoa. Hata hivyo, uchunguzi wa mchoro huo kwa mionzi ya infraredi umeonyesha kwamba mbwa hana mchoro wa awali chini ya rangi, tofauti na wanandoa wenyewe. Hakuwamo katika mpango uliochorwa mwanzoni. Aliongezwa kazi ikiendelea. Jambo hilo halitoshi kuikanusha fasiri ya Panofsky, lakini linamtaka mtafiti atofautishe kilichopangwa tangu mwanzo na kilichoingizwa baadaye.

Katika Uingereza ya karne ya 19, mapokeo hayo yaliimarishwa na Edwin Landseer. Mchoro wake wa mwaka 1837 unaomwonyesha mbwa wa mchungaji mzee akiwa ameegemeza kichwa chake juu ya jeneza la bwana wake, ndani ya chumba kisicho na mtu mwingine, ulisifiwa na mhakiki John Ruskin katika juzuu ya kwanza ya kazi yake kuhusu wachoraji wa kisasa, iliyotoka mwaka 1843. Nakala za kuchapwa za michoro ya Landseer zilienea katika nyumba nyingi. Kwa njia hiyo watazamaji walizoeshwa namna mahususi ya kumsoma mbwa: kila alipoonekana ametulia karibu na kitu cha bwana wake, walikuwa tayari kuona maombolezo.

3.2 Mbwa Mbele ya Kamera

Ugunduzi wa Louis Daguerre ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839. Bamba la shaba lililopakwa fedha lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, na chochote kilichosogea katika muda huo hakikuacha athari au kiliacha ukungu tu. Picha ya Daguerre ya barabara ya Boulevard du Temple ya mwaka 1838 inaonyesha barabara inayoelekea kuwa tupu, ilhali ilikuwa na pilikapilika. Anayeonekana wazi ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Sharti hilo lilikuwa gumu zaidi kwa mbwa. Binadamu aliweza kuambiwa atulie, na shingo yake kuegemezwa kwenye chuma kilichofichwa nyuma yake. Mbwa hakuweza kuelezwa sababu ya kutulia. Ilibidi awe amelala, ashikwe, au avutiwe na jambo lililomfanya akaze macho mahali pamoja. Ndiyo maana katika picha nyingi za miongo ya mwanzo kiwiliwili cha mbwa huonekana vizuri huku kichwa au mkia ukiwa na ukungu. Kwa hiyo mbwa aliyetulia kabisa katika picha ya wakati huo ni kielekezi cha mbinu ya mpiga picha kabla ya kuwa kielekezi cha tabia ya mbwa.

Hali ilibadilika kwa hatua. Njia ya kolodioni aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851 ilipunguza muda wa kupokea mwanga, na mabamba makavu ya gelatini yaliyotokana na kazi ya Richard Leach Maddox ya mwaka 1871 yaliupunguza zaidi. Kufikia mwaka 1887, Eadweard Muybridge aliweza kuchapisha mabamba 781 ya miendo ya binadamu na wanyama, wakiwamo mbwa wakikimbia. Kuanzia hapo utulivu wa mbwa katika picha haukuwa tena sharti la kamera, bali chaguo la mwenye kuitumia.

4.0 Mchoro wa Nipper

4.1 Historia ya Mchoro

Nipper alizaliwa Bristol mwaka 1884. Mmiliki wake wa kwanza, Mark Barraud, alikuwa mchoraji wa mandhari za jukwaani. Mark alipofariki mwaka 1887, mbwa alichukuliwa na ndugu yake Francis, aliyekuwa mchoraji. Nipper alikufa Septemba 1895 na kuzikwa Kingston upon Thames. Tarehe 11 Februari 1899, Francis Barraud aliwasilisha ombi la hakimiliki kwa mchoro alioueleza kuwa ni wa mbwa anayeitazama na kuisikiliza fonografu. Baadaye aliupa jina linaloweza kufasiriwa "Sauti ya Bwana Wake".

Kampuni ya fonografu ya Edison Bell haikuuhitaji mchoro huo. Barraud alipokwenda kwenye ofisi za Kampuni ya Gramafoni jijini London kuazima pembe ya shaba ili aing'arishe picha yake, meneja William Barry Owen alikubali kuununua kwa sharti moja: fonografu iondolewe na mahali pake ichorwe gramafoni. Barraud alifanya hivyo mwaka huohuo wa 1899. Alilipwa pauni 50 kwa mchoro na pauni 50 kwa hakimiliki. Mwaka 1900 Emile Berliner, mvumbuzi wa gramafoni, aliisajili picha hiyo kuwa nembo ya biashara nchini Marekani, na kuanzia mwaka 1909 ikawekwa kwenye lebo za santuri za kampuni ya Uingereza. Barraud aliendelea kuchora nakala za mchoro wake hadi karibu na kifo chake mwaka 1924. Idadi ya nakala hizo ni 24.

4.2 Tabaka Mbili, Maana Mbili

Simulizi iliyozoeleka husema kwamba mchoro unaonyesha tukio halisi: Nipper aliisikia sauti ya marehemu Mark kutoka kwenye mashine akaitambua. Simulizi nyingine hudai kwamba uso unaong'aa ambao mbwa ameketi juu yake ni kifuniko cha jeneza. Dai la pili ni mwangwi wa mapokeo ya Landseer yaliyoelezwa hapo juu; watazamaji waliliona jeneza kwa kuwa walikwisha kufundishwa kulitarajia.

Dai la kwanza linakabiliwa na ugumu wa tarehe. Mark alifariki mwaka 1887, ilhali fonografu iliyoboreshwa ya Edison yenye silinda ya nta ilitokea mwaka 1888. Vilevile, ombi la hakimiliki liliwasilishwa zaidi ya miaka mitatu baada ya Nipper kufa. Mchoro huo, basi, ni kumbukumbu ya ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja mwenye mbwa na mmoja mwenye brashi. Haukunakili tukio lililokuwa mbele ya macho ya mchoraji.

Ugumu mkubwa zaidi unatokana na kubadilishwa kwa mashine. Fonografu ya silinda iliweza kurekodi sauti na kuirudisha. Mtu wa kawaida aliweza kuzungumza mbele ya pembe yake, na silinda ikahifadhi sauti yake nyumbani. Katika mchoro wa awali, kwa hiyo, jina "Sauti ya Bwana Wake" lilikuwa na msingi wa kiufundi hata kama tukio lenyewe halikutokea. Gramafoni iliyouzwa kwa wateja haikuwa na uwezo huo. Ilipiga tu santuri zilizokwisha kutengenezwa na kampuni. Mara fonografu ilipofunikwa kwa rangi, mbwa aliyeketi mbele ya mashine hangeweza tena kumsikia aliyemfuga. Angeweza kumsikia mwimbaji aliyelipwa na kampuni tu.

Jina la mchoro lilibaki, lakini "bwana" alikuwa amebadilika. Kabla ya badiliko, bwana ni mtu wa nyumbani aliyefariki. Baada yake, bwana ni mwenye kumiliki njia ya kurekodi. Mbwa hakuguswa: mkao wake ni uleule na kichwa kimeinamishwa vilevile. Rangi ya fonografu bado imo chini ya ile ya gramafoni katika mchoro wa kwanza, na huweza kutambulika mwanga unapoangukia turubai kwa upande. Kwa istilahi za Peirce, tabaka hilo la chini ndilo kielekezi cha kweli katika mchoro mzima. Linashuhudia mauzo yaliyofanyika mwaka 1899, si uaminifu wa mnyama.

5.0 Nembo Hiyo katika Pwani ya Afrika Mashariki

Mwaka 1928 mwimbaji wa Zanzibar, Siti binti Saad, alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni iliyotumia nembo ya Nipper. Santuri hizo zilienea katika miji ya mwambao na kuzungushwa kwenye mashine za nyumbani na za mikahawani. Hivyo taswira iliyozaliwa katika mapokeo ya Uingereza iliingia katika jamii yenye mapokeo mengine kuhusu mbwa.

Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo inahusu kugusana na mnyama mwenye unyevu, wala haihusu karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba maana ya uaminifu wa nyumbani, iliyokuwa wazi kwa mtazamaji aliyelelewa na michoro ya Landseer, haikuwa ya lazima hapa. Aina ya tatu ya Peirce inasaidia kueleza hali hiyo. Alama hutegemea mapatano, na mapatano hayasafiri pamoja na karatasi iliyochapwa.

Neno "bwana" nalo lina uzito wa pekee. Siti alikuwa mtoto wa wazazi wenye asili ya utumwa, na hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, miaka miwili tu kabla ya Barraud kuuza mchoro wake. Katika jamii hiyo, bwana hakuwa tu mwenye mbwa. Alikuwa pia mwenye mtumwa. Sauti iliyotoka katika santuri za mwaka 1928 ilikuwa ya mwanamke ambaye kwa nasaba alihesabiwa upande wa watumwa, ikizunguka chini ya jina linaloitaja sauti ya bwana. Kampuni ilimiliki sahani na nembo. Maneno, lahani na hadhira vilikuwa vya Siti. Mtafiti akiisoma lebo bila kuisikiliza santuri, atampata bwana mmoja tu. Akivisoma vyote viwili, atakuta kwamba anayesikilizwa siye anayetajwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba utulivu wa mbwa katika picha ya zamani hautoshi kuwa ithibati ya hisia zake. Katika kamera za mwanzo utulivu huo ulilazimishwa na muda wa kupokea mwanga. Katika mchoro wa Nipper ulitengenezwa na msanii baada ya mbwa kufa, ukasomwa kwa macho yaliyozoezwa na Landseer, kisha ukauzwa kwa masharti yaliyoondoa msingi wa jina lake. Kwa watafiti wanaotumia picha kama data, maswali matatu yanafaa kutangulia fasiri yoyote: chombo kilichotengeneza picha kiliruhusu nini, nani alilipa ili picha iwe kama ilivyo, na hadhira ilikwisha kuzoezwa kuona nini. Katika mfano uliochambuliwa, maswali hayo yamemwondolea mbwa mzigo wa kuwa shahidi wa jambo asilolishuhudia, na kuurudisha ushahidi kwa waliomchora, waliomnunua na waliomsambaza.